Kocha wa Kumfundisha Boila Kuwa Boila

"Wazazi wamwaga maelfu," Mheshimiwa akasoma. "Familia zatumia hadi dola elfu kumi na tano kuwalipa makocha wanaowaandaa watoto kwa usaili wa vyuo vya maigizo ya kuimba."

Ilikuwa saa moja kasoro robo asubuhi, kwenye duka la donati la Nilda, meza yetu ya dirishani. Gazeti la kaunti lilikuwa limetua sasa hivi na Mheshimiwa alikuwa amelidaka kabla Nilda hajalikata kamba. Huyu Mheshimiwa ni Orville Tanczos, aliyekuwa diwani wa mji wetu huu wa Lorain kwa kipindi kimoja, miaka ishirini na sita iliyopita, na hadi leo ukimwita Orville hageuki. Husoma gazeti kwa sauti ya mtu anayezindua daraja.

"Usaili wa nini?" Refa akauliza.

"Wa kuingia chuo. Mtoto anasomea kuimba, kucheza na kuigiza, vyote kwa mpigo, aje afanye maonyesho kwenye yale majumba ya New York. Miaka minne."

"Na hizo elfu kumi na tano ndiyo ada."

"Ada iko mbali. Hizo ni za kufundishwa namna ya kuomba kuingia."

Refa akaweka kikombe chini. Jina lake Casimir Dubiel. Alipuliza kipenga kwenye mpira wa kikapu wa shule za sekondari miaka thelathini na mmoja, na hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akimsifia mwenzake. Mkewe alimpikia bata siku ya Krismasi, wageni wakala hadi wakalamba sahani, Refa akafuta mdomo na kusema hajaona kosa.

"Rudia," akasema. "Unalipa ili uombe."

"Unalipa ili ufundishwe kuomba."

"Mimi niliomba kazi kiwanda cha chuma kwa kugonga mlango."

"Na kiwanda kikafungwa," nikamkumbusha.

"Kilifungwa baadaye, Greda. Mlango ulifunguliwa kwanza."

Greda ni mimi. Nimeendesha greda la kusukuma theluji la mji huu misimu ishirini na minane, na kama kuna mtu hapa Lorain aliyewahi kuzikiwa gari lake kwenye lundo la theluji, mimi ndiye niliyemzikia.

Mheshimiwa akaendelea. Chuo kimoja, kwa mujibu wa gazeti, kiliombwa na watoto elfu mbili na mia nne. Nafasi zilikuwa ishirini.

"Hiyo si shule," Refa akasema. "Hiyo ni bahati nasibu."

"Bahati nasibu tiketi ni dola mbili," Nilda akasema huku akipita na birika la kahawa. Nilda Quiñones ndiye mwenye duka, mwenye donati, mwenye meza, na mwenye neno la mwisho.

"Sikilizeni hapa," Mheshimiwa akasema. "Kuna kocha wa kuimba, kocha wa kuigiza, kocha wa kucheza, halafu kuna kocha wa kuwapanga hao makocha."

"Kama baraza lako," Refa akasema.

"Baraza langu lilikuwa na watu kumi na mmoja na hakuna aliyeimba."

"Wala aliyefanya kazi."

Mheshimiwa akajifanya hajasikia. "Kuna mmoja anauza orodha ya nyimbo ambazo mtoto asithubutu kuimba kwenye usaili, kwa sababu waamuzi wamezichoka. Dola tisini."

"Mimi ninayo yangu," nikasema. "Naitoa bure. Nyimbo zote ninazozijua."

"Aisee, watu wanapigwa mchana kweupe," Refa akasema. "Halafu ukimkuta mzazi mwenyewe, ana shahada mbili na gari la umeme. Mjinga hana alama usoni."

Hapo kwa kawaida Boila angekuwa ameshaingia na la kwake. Boila ni Wendell Sabo, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, mdogo kuliko sisi sote, miaka hamsini na minne, na ndiye mwenye mdomo mpana kuliko sisi sote. Habari ya mjinga kuliwa hela huwa haimpiti. Lakini asubuhi ile alikuwa ameiangalia donati yake robo saa nzima bila kuigusa, na alikuwa amevaa ovaroli ambalo hatujawahi kuliona, limekaa kama bado liko dukani. Juu ya shavu lake la kushoto kulikuwa na mstari wa grisi, umepigwa vizuri, kutoka karibu na sikio hadi karibu na pua.

Nilda ndiye aliyeanza. Hakuna kinachompita.

"Boila, umetoka kazini?"

"Hapana."

"Unakwenda kazini?"

"Saa tatu. Si kazini hasa."

"Basi hiyo grisi ni ya jana. Nenda ukanawe, unakula."

"Ni ya leo."

"Umeipata wapi leo, na hujafanya kazi?"

Boila akaigeuza donati upande wa pili. "Kwenye kikopo."

"Kikopo cha grisi?"

"Cha vipodozi," akasema. "Grisi ya kweli haionekani vizuri kwenye kamera."

Mheshimiwa akalikunja gazeti taratibu, akalilalia kwa viwiko vyote viwili, kana kwamba kile kichwa cha habari kingeweza kuruka kikamdhuru mtu. Mimi nikaangalia nje. Refa peke yake hakuondoa macho.

"Ni Delaney?" Refa akauliza.

"Ni Delaney."

Delaney ni binti wa Boila, miaka kumi na saba, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Tunamjua tangu anabebwa. Mama yake alihamia Arizona na mume mwingine, akabaki baba na mtoto na mbwa mmoja, kisha mbwa naye akafa.

"Umelipa ngapi?"

"Kifurushi ni elfu saba na mia nane. Nusu nimeshatoa. Nusu nyingine ni leo kabla ya saa tatu. Isipoingia, nafasi yake anapewa mtoto wa Connecticut."

"Na umezitoa wapi?"

"Zilikuwepo."

"Boila, zilikuwepo wapi?"

Akajipapasa mguu chini ya meza. Miaka thelathini na miwili amepiga magoti kwenye sakafu za saruji za watu, na goti la kulia limebaki jina tu. Alikuwa apasuliwe mwezi wa kwanza, na kuna sehemu ambayo bima hailipi, mgonjwa anajilipia. Tulishapanga nani atampeleka na nani atamrudisha.

"Goti nimelisogeza," akasema.

"Umelisogeza wapi?"

"Mwakani. Au mwaka mwingine. Goti haliozi, Refa."

"Umeuza goti lako kwa mtu wa kufundisha kuimba."

"Kuimba ana mwalimu mwingine. Huyu ni wa usaili."

Nilda akavuta kiti akakaa, jambo ambalo huwa hafanyi kabla ya saa mbili. "Hebu tuelezee vizuri," akasema. "Grisi inahusika vipi na mtoto kuimba?"

Boila akaeleza. Kila mwombaji anatuma video za mchujo kabla hajaitwa mbele ya waamuzi. Anatuma za kuimba, za kuigiza, ya kucheza, halafu ya mwisho ni ya sekunde tisini, ambayo chuo kinasema tunataka kukujua wewe kama wewe, fanya chochote. Kwa hiyo ya mwisho, mara ya kwanza Delaney alijirekodi anaoka keki. Kocha akaikataa.

"Keki ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu. Alisema mwaka huu wasichana mia nne wameoka keki. Akamuuliza Delaney, nyumbani kwenu mnafanya nini. Delaney akamwambia baba anatengeneza mitambo ya joto. Kocha akanyamaza kwenye simu. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema, hii ni dhahabu."

"Dhahabu ipi?"

"Binti wa fundi. Anashuka na baba yake kwenye chumba cha chini ya nyumba, mtambo umekufa, baridi kali, anagonga mabomba, anauimbia, unawaka. Vyuo vinapenda watu wa kweli."

"Delaney anaogopa kushuka chini ya nyumba," Nilda akasema. "Amenieleza mwenyewe. Kuna buibui."

"Kocha kasema woga unasaidia."

"Amewahi kushika spana?" nikauliza.

"Kuanzia Jumanne."

Mheshimiwa akakohoa kile kikohozi chake cha kikao. "Kwa hiyo chuo kinataka kumjua mtoto kama alivyo, na kocha anamfundisha asiwe alivyo, ili chuo kimwone alivyo."

"Ukilisema hivyo linakaa vibaya."

"Linakaaje vizuri?"

Boila akainua kikombe. Akanywa kahawa.

"Bado sijaelewa grisi," Nilda akasema.

"Mimi niko kwenye video. Naonekana pembeni, namwangalia, namshikia tochi na spana ya akiba. Tulirekodi ya kwanza, tukamtumia kocha. Akasema Delaney yuko vizuri ila mimi simshawishi."

"Humshawishi nini?"

"Kwamba mimi ni fundi."

Pale mezani hakucheka mtu. Jambo likizidi kiasi cha kuchekesha, huwa linabaki limekaa tu, unaliangalia.

"Miaka thelathini na miwili," Refa akasema.

"Nilimwambia. Akasema kamera haijui historia yako. Akasema mafundi hawashiki spana namna ile."

"Wanashikaje?"

"Alinionyesha kwenye simu. Alishika mwiko."

"Anaitwa nani huyu mtu?"

"Bryce Ellingham. Ana miaka ishirini na tisa. Kijana wa adabu sana, anashukuru kila baada ya sentensi. Ovaroli langu alilikataa."

"Ovaroli lako la kazini?"

"Alisema limechanika upande usiofaa. Akanitumia mahali pa kununua hili. Dola mia na arobaini. Limechakazwa kiwandani." Akatuonyesha kiwiko, na kweli kulikuwa na kiraka, kimeshonwa juu ya kitambaa kizima. "Halafu akaniandalia kipindi cha peke yangu. Saa moja na nusu. Dola mia tatu na sitini."

"Cha kukufundisha nini?"

"Cha kunifundisha huyu fundi ni nani. Akaniuliza, huyu fundi anataka nini maishani. Nikamwambia anataka kumaliza saa kumi na moja jioni. Akasema nichimbe zaidi. Nikachimba. Nikasema anataka wateja wabadilishe vichujio kila baada ya miezi mitatu kama walivyoambiwa. Akasema, vizuri, lakini nini kinamuuma. Nikasema goti."

"Akasemaje?"

"Akasema tulitumie goti."

Nilda akajifunika uso kwa kitambaa cha kufutia meza. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipokifunua alikuwa ameshajirudi.

"Kwa hiyo umelipa dola mia tatu na sitini," Mheshimiwa akasema, "kufundishwa kuwa Wendell Sabo."

"Na sijafaulu. Ndiyo maana leo tunarudia."

"Huyo Ellingham alisoma wapi mwenyewe?" nikauliza, maana swali hilo lilikuwa halijaulizwa na mimi nina tabia ya kuuliza dereva kajifunzia wapi.

"Chuo kikubwa kabisa. Kigumu kuliko vyote. Mwaka wake walichukuliwa kumi na wanane."

"Na hao kumi na wanane wako wapi sasa?"

Ilionekana swali hili Boila alishalifanyia kazi, kwa sababu alijibu bila kufikiri. "Wawili wako jukwaani. Mmoja ana duka la mishumaa. Kumi na watano ni makocha."

"Mradi wa maana," Refa akasema. "Wanazalishana."

"Nitampigia simu mwakilishi wetu kule bungeni," Mheshimiwa akasema. "Hili ni suala la kumlinda mlaji."

"Yule uliyempigia kuhusu shimo la Mtaa wa Ishirini na Nane?" Nilda akauliza.

"Lile shimo liko kwenye mpango."

"Lina miaka tisa. Lingekuwa mtoto, lingeshaanza shule. Na wewe acha kumkodolea mwenzako macho, Mheshimiwa. Mjukuu wako alikuwa na kocha wa kurusha besiboli dola themanini kwa saa. Miaka mingapi?"

"Nane. Lakini ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti gani?"

"Ile ilikuwa michezo."

"Na sasa yuko wapi?"

Mheshimiwa akarekebisha miwani. "Anauza bima."

"Anairusha vizuri?"

Tukaachia kicheko kidogo, hata Boila, na kwa dakika moja nikadhani mambo yameisha, kila mtu atakunywa kikombe chake cha pili na Boila ataondoka na grisi yake ya kopo. Lakini Boila alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Aliishika kama mtu aliyeshika jibu la daktari.

"Ninayo hapa," akasema. "Ile ya kwanza. Nataka muiangalie."

Tukasogeza viti. Nilda akageuza kile kibao cha mlangoni kisomeke pamefungwa, ingawa nje palikuwa na mwanamke mmoja tayari ameshika mpini.

Video ilianza. Chini ya nyumba, giza, mabomba, mtambo wa kijivu mkubwa kama kabati. Delaney amefunga kitambaa kichwani, spana mkononi, ameishika sawasawa na mtu aliyefundishwa kwa mwiko. Baba yake amepiga goti pembeni, lilelile bovu, tochi mkono mmoja, spana ya akiba mkono mwingine, anamulika uso wa mtoto. Delaney akagonga bomba mara tatu, akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa msichana anayekesha kituo cha basi akingoja basi la kumtoa mji mdogo.

Sauti ilikuwa nzuri. Sina neno jingine. Ilikuwa nzuri kama ya msichana wa kwaya ambaye ukitoka kanisani unamwambia mama yake hongera, halafu ukifika kwenye gari unawaza chakula. Na uso wake ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba nilitamani sana sauti nayo iwe hivyo. Wimbo ukapanda, ukapanda tena. Karibu na mwisho ile taa ya tochi ikaanza kucheza usoni mwake. Delaney akaifuata noti ya juu kabisa, akaikosa kwa pembeni, akateremka nayo kwa tabasamu. Mtambo ukawaka. Video ikaisha.

"Sasa?" Boila akasema.

"Amekuwa mrembo huyu mtoto," Nilda akasema.

"Nimeuliza kuimba, Nilda."

Nilda akainuka akaenda kufuta kaunta ambayo ilikuwa safi tangu saa kumi na mbili.

"Ana uwepo," Mheshimiwa akasema. "Ukimwona, unaona yupo."

"Greda?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisema ukweli. Nilisema sauti inasikika vizuri, hasa ukizingatia ni chini ya nyumba. Boila akaitikia kwa kichwa, mara moja, na niliona aibu ambayo sijaimaliza hadi leo.

"Mnaona shida yangu," akasema. Hakukasirika. "Kila anayeniambia mtoto anaweza, ama ni ndugu yake, ama ni rafiki yangu, ama namlipa. Mama yake anasema anaimba kama malaika, na amemsikia kwa simu ya Arizona. Kocha anasema ana uwezo usio na mipaka, na ananiambia hivyo kila siku ya malipo. Nikilipa leo, ndiyo tumeingia, hakuna kurudi. Nataka mtu mmoja." Akaisukuma simu mezani hadi mbele ya Refa. "Wewe hupendi mtu. Sema."

Refa akasogea mbele. Akaichukua simu, akaiangalia upya tangu mwanzo, ameiweka karibu na sikio lake zima, lile la upande ambao mashabiki hawakumpigia makelele. Ilipofika karibu na mwisho akaisimamisha kwa kidole. Akairudisha nyuma. Akaisimamisha tena.

"Hii tochi mbona inatetemeka?"

"Ndiyo maana tunarudia leo. Kocha kasema taa haitulii, inaharibu."

"Imetulia," Refa akasema. "Dakika nzima imetulia kama imepigiliwa misumari. Inaanza kutetemeka hapa." Akamwonyesha. "Kabla hajapanda. Hajakosea kitu bado, na wewe mkono umeshaanza."

Boila akaangalia simu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Wendell, umeshika tochi maisha yako yote. Mkono wako una nini?"

"Hauna kitu."

"Unajua mpira unakwenda nje."

Nilda aliacha kufuta kaunta. Yule mwanamke wa mlangoni akagonga kioo, na hakuna aliyegeuka.

"Hafiki," Boila akasema.

"Hafiki," Refa akasema.

"Nyumbani hafiki. Kanisani hafiki. Anaikaribia ile noti, anaizunguka, anashuka. Tangu ana miaka kumi na mmoja. Mimi muziki siujui, lakini nimesikiliza mitambo inayotaka kuwaka isiwake, nikisimama tu pale mlangoni najua. Nilijua kabla kocha hajazaliwa kwenye simu yangu."

"Sasa unalipia nini?" Mheshimiwa akauliza, na safari hii ilikuwa sauti yake ya kawaida, ambayo huwa hatuisikii. "Ndugu yangu, kama unajua, unalipia nini?"

Boila akaichukua simu, akaifuta kioo kwa mkono wa lile ovaroli.

"Mwezi wa nane nilipanga nimwambie. Nikafanya mazoezi ndani ya gari. Nikaingia chumbani kwake, akaniangalia, nikatoka nimemwahidi kumtafutia kocha."

Akaigeuza tena ile donati.

"Ni vyuo kumi na sita," akasema. "Nimehesabu. Vitamwandikia kumi na sita, kila kimoja kimwambie hapana, kwa adabu, kwa karatasi nzuri. Kila barua ikija, atalia, atashuka ngazi, atakuja kwangu, nitamshika. Mara kumi na sita. Nimejiandaa. Sasa nikimwambia mimi, atakwenda kulia kwa nani?"

Mheshimiwa akalifungua gazeti, akalikunja tena.

"Na akichukuliwa?" Nilda akauliza kutoka kule kaunta. "Hata kimoja tu?"

"Basi nitakuwa nimekosea. Naomba kila usiku niwe nimekosea, Nilda. Hiyo ndiyo nusu ya pili ninayoilipa leo."

Simu ikalia mkononi mwake. Akaisoma. "Kocha," akasema. "Anauliza kama nimeshaingia ndani ya huyu fundi."

"Mwambie unamtafuta," nikasema. Ndilo lililonitoka.

Akacheka kwa pua. Kisha akabonyeza simu mara tatu nne, polepole, kwa kidole kikubwa kisichozoea vitu vidogo, na tukajua ni nini kinachotumwa na kinakwenda wapi. Hakuna aliyemzuia. Hata Refa, ambaye angezuia mazishi kama jeneza lingevuka mstari, alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza na ameituliza.

Boila akasimama kwa hatua zake tatu: anashika meza, anashika kiti, anangoja goti limjibu. Donati akaiacha vilevile. Akafika mlangoni, akamfungulia yule mwanamke aliyekuwa akingoja, akamwomba radhi.

"Wendell," Refa akamwita.

Akageuka.

"Leo hiyo tochi ishike kwa mikono miwili."

Boila akaitikia kwa kichwa, akashuka zile ngazi mbili za nje kwa ubavu, mguu mbovu ukitangulia.